Ncha za majani zikikauka, si kiu

Mkutano wa mwaka huu wa wapenda bustani wa kanda ya kaskazini ulifanyika Arusha, nami nikapewa warsha ya mimea ya vyungu. Kabla sijafungua daftari, mama mmoja aliyekaa mbele aliinua mkono. Alikuwa amelileta sale lake, ule mmea wa jamii ya drasena, kwa bajaji kutoka Sakina, limepandwa kwenye ndoo ya lita ishirini iliyotobolewa chini. Majani mapana, yanang'aa, yamesimama vizuri. Lakini karibu kila jani lilikuwa na ncha kavu ya kahawia, urefu wa kifundo cha kidole, na pale kahawia ilipokutana na kijani palipita uzi mwembamba wa njano.

"Mwalimu, hili lina kiu isiyoisha," akasema. "Namwagilia asubuhi, namwagilia jioni, na bado linakauka."

Nilitia kidole kwenye ndoo. Udongo ulikuwa umelowa chapachapa, na kidole kilitoka na harufu ya kuoza.

Huyu hakuwa wa kwanza. Karibu kila wiki mtu ananiletea sale, au ule mmea wa majani membamba yenye mstari mweupe unaoning'iniza watoto wake, na maneno ni yaleyale: ncha zimekauka, kwa hiyo mmea una kiu, kwa hiyo niongeze maji. Nimelijibu hili mpaka sauti imekauka, na bado watu wanaizamisha mimea yao kwa huruma.

Mmea wenye kiu hauanzi kwa kukausha ncha peke yake huku ukiwa umesimama wima. Wenye kiu hulegea. Majani hushuka, chungu kinakuwa chepesi ukikiinua, udongo unaachana na ukuta wa chungu. Tazama hayo kwanza kabla hujashika kopo. Ukiona mmea umesimama imara, chungu ni kizito, na ncha zimekufa kwa mpaka unaoonekana wazi, shuku maji yenyewe. Si uchache wake, ni kilichomo ndani yake.

Wakazi wa Arusha na Meru hawahitaji kufundishwa floraidi ni nini. Wameiona kwenye meno ya ndugu zao, yaliyogeuka kahawia. Miamba ya volkano ya Mlima Meru na Bonde la Ufa huachia madini hayo kwenye maji, na kuna visima na mito, upande wa Ngarenanyuki kwa mfano, ambako kiwango chake ni kikubwa sana. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kwa maji ya kunywa. Hapa kwetu kwa miaka mingi tulikubali hadi miligramu 4. Sasa sikiliza: sale na jamaa zake wanaweza kuungua kwa maji yenye miligramu moja tu. Maji unayoruhusiwa kumnywesha mtoto yanaweza kuharibu jani la sale. Hiki ndicho watu hawataki kukiamini, maana wanadhani mmea ni mgumu kuliko mtu.

Inavyotokea ni hivi. Mizizi hufyonza maji pamoja na floraidi, maji hupanda hadi kwenye majani na kutoka kama mvuke, floraidi hubaki. Inakokotwa hadi mwisho wa njia, yaani nchani na pembeni mwa jani, inarundikana pale na kuua chembe hai. Haishuki tena. Kwa hiyo jani kuukuu huwa limeungua zaidi kuliko changa, na kwa hiyo kila kopo unaloongeza kwa nia ya kutuliza kiu ni dozi nyingine ya sumu ileile. Yule mama alikuwa akilichoma sale lake mara mbili kwa siku, kwa upendo wote. Na kwa kuwa udongo haukupata nafasi ya kupumua, mizizi nayo ilishaanza kuoza.

Niliuliza maji anatoa wapi. Kisima cha kuchimbwa, uani. Na sale lilitoka wapi? Kwa mama yake, Marangu, Kilimanjaro. Nikamwomba akumbuke masale ya kule kihambani, yaani shamba la ukoo la Wachaga, yaliyopandwa mpakani tangu enzi za babu, yale yale ambayo mtu huchuma jani akienda kuomba msamaha. Yanaishi kwa mvua na maji ya mfongo, ule mfereji wa asili, hakuna anayeyamwagilia kwa kopo, na majani yake ni ya kijani mpaka nchani. Mmea ni mmoja. Maji mengi ya chemchemi zinazoshuka Kilimanjaro upande wa Moshi yana floraidi kidogo. Maji ya kisima chake ni habari nyingine. Alinyamaza kidogo, akaligeuza lile jani, akasema, "Kumbe nililihamisha na sikulihamishia maji yake."

Kijana mmoja akadakia kwamba yeye huacha maji kwenye ndoo wazi usiku kucha ili dawa iondoke, na jirani yake huyachemsha kabisa. Hapa naomba tuelewane. Inayoondoka ukiacha ndoo wazi ni klorini. Floraidi haiendi popote. Ukichemsha, maji hupungua na floraidi hubaki vilevile, kwa hiyo unapata maji makali zaidi. Mkaa wa mifupa huichuja, na ni njia inayotumika Arusha kwa maji ya kunywa, lakini kuchujia bustani nzima kwa mkaa wa mifupa ni kujitesa bure wakati mbingu inatoa maji safi kuanzia Machi hadi Mei.

Ushauri wangu ni tangi chini ya mchirizi wa bati. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe vumbi la paa, kisha kinga. Mimea ya vyungu ya nyumba moja haili maji mengi. Tangi la lita elfu moja, likihifadhiwa kwa ajili ya masale na wenzake tu, linakuvusha hadi vuli. Waridi na mboga wape maji ya kisima. Kila baada ya muda mwagia chungu maji ya mvua mengi mpaka yatoke chini kwa wingi, yaoshe chumvi zilizojikusanya, kwa sababu chumvi za mbolea nazo huunguza ncha na dalili zake hufanana. Changanya chokaa ya kilimo kidogo kwenye udongo wa kupandia: kalsiamu hufungana na floraidi, mizizi inashindwa kuifyonza. Na acha kuwapa masale mbolea ya superfosfati. Nayo hubeba floraidi, halafu unashangaa.

Jani lililokwisha kuungua haliponi. Mama alikuwa na mkasi mkobani, akataka kukata palepale. Kata ukifuata umbo la ncha, lakini acha mstari mwembamba wa kahawia. Ukiingia kwenye kijani, unafungua kidonda kipya na kesho kutwa kimekauka tena.

Mengine niliyoyasikia siku hiyo nayapitia haraka.

Kwamba ukimwagilia saa sita mchana matone hugeuka kioo na kuchoma majani. Kwenye majani laini ya kawaida, hapana. Tunamwagilia asubuhi kwa sababu maji hayapotei kwa jua, na majani yanakauka kabla ya usiku ili ukungu usipate pa kukaa.

Kwamba mmea chumbani hukumalizia hewa usiku. Hewa unayoshirikiana na mwenzako kitandani ni nyingi mno kuliko inayovutwa na chungu kimoja. Lala.

Kwamba samadi mbichi ina nguvu zaidi. Ina nguvu ya kuunguza mizizi. Iache ioze mpaka ipoteze joto na harufu.

Na hili lililoniuma: dada mmoja alikiita kile kimea kidogo cha maua ya zambarau na majani yenye manyoya "ua la kizungu". Ni la Usambara, mkoani Tanga. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta huko, likapelekwa Ujerumani, na kuanzia hapo likaenea madirishani dunia nzima. Kumbe mjakaranda anaouona ni wa kwetu tangu zamani ulitoka Amerika ya Kusini. Hilo la Usambara pia lisimwagiwe maji baridi juu ya majani. Hutoka madoa yasiyofutika.

Kwa mkutano ujao nimewaomba waandaaji jambo moja. Kila mtu aje na chupa ya maji anayomwagilia, imeandikwa mtaa yanakotoka, na sampuli zipelekwe maabara ya maji kabla ya warsha. Mama wa Sakina ameshaniahidi mbili: ya kisima, na ya Marangu.