Kano za bega zikichanika, acheni kuchua

Kano za bega ndo zipi?
Ziko nne, zinatoka kwenye misuli ya bega na kushika kichwa cha mfupa wa mkono, ndo zinakuwezesha kuinua na kuzungusha mkono. Ikichanika moja, mara nyingi ile ya juu, kuchana nywele shida, kuanika nguo shida, usiku ukilalia upande huo unaamka na maumivu.

Nilianguka na bodaboda, eksirei ikaonyesha mfupa mzima. Si niko salama?
Hapana. Eksirei inaonyesha mfupa, kano haionekani. Kama tangu uanguke mkono haupandi wenyewe ila ukiusukuma kwa mkono mwingine unapanda, omba ultrasaundi au MRI, vipimo vya picha vinavyoonyesha kano, usirudi nyumbani na diklofenaki ukasubiri.

Nikachuliwe kwanza?
Hapana jamani, hapana! Hili linaniuma sana maana watu wanafika kwetu mazoezi tiba bega limeshachuliwa miezi, limevutwa, limepigwa na chale juu, na mkono haufiki hata kwenye sikio. Kano iliyong'oka kwenye mfupa hairudi kwa mafuta wala kwa kuvutwa. Inajivuta nyuma kama mpira uliokatika, msuli wake unakaa bila kazi unasinyaa na kugeuka mafuta, na ukishageuka mafuta haurudi kuwa msuli, hata ushonwe na bingwa gani.

Kwani kila aliyechanika anapasuliwa?
La. Mchaniko mdogo, au ule unaokuja taratibu na umri, tunaanza na mazoezi kama miezi mitatu na wengi wanapata nafuu. Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, mara moja sawa, kuchomwa kila bega likiuma kunaidhoofisha kano. Ila aliyeanguka na mkono ukagoma palepale, huyo si wa kusubiri, aonwe na daktari wa mifupa ndani ya wiki chache.

Upasuaji wa matundu ukoje?
Unapewa usingizi, unatobolewa vitundu vitatu au vinne vya kama sentimita moja, kimoja kinapita kamera, daktari anaangalia kwenye skrini. Vingine vinapita vifaa, anasafisha, anapachika nanga ndogo zenye nyuzi kwenye mfupa halafu anaivuta kano na kuifunga mahali pake. Wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Kwa Dar, pa kuulizia ni MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili.

Nimeshakaa mwaka mzima, je?
Njoo sasa hivi, usiongeze hata mwezi. Kano ikiwa bado inavutika inashonwa. Ikigoma, unaweza kuhamishiwa kano nyingine, au kwa mtu mzima zaidi kuwekewa bega bandia, na bega bandia si vitundu tena, ni kufunguliwa kabisa.

Nikishashonwa, naweza kuchuliwa ili lilainike?
Bado tu mnaniuliza! Hapana. Mkono unakaa kwenye mkanda wiki 4 hadi 6, hunyanyui ndoo, hunyanyui mtoto, na mazoezi ni yale unayopewa na mtaalamu tu maana ukizidisha uzi unakata kano upya. Kazi nzito ni baada ya miezi 6 hivi. Na sigara acha kabla ya operesheni, sukari ishushwe, la sivyo kano inachelewa kushika au haishiki kabisa.