Ngozi ya mtu wa pwani kwenye baridi: maswali na majibu

Mombasa ngozi yangu haina neno. Nikipanda Nairobi mwezi wa Julai, au nikienda Uingereza Januari, miguu hupauka na kuwasha. Kwa nini?

Hewa ya Mombasa imejaa unyevu wa bahari. Hewa ya baridi hubeba mvuke kidogo, na chumba kikiwashwa hita ukavu huzidi. Seli za tabaka la juu la ngozi hushikanishwa na mafuta ya asili, yakiwemo seramidi. Maji ya moto na sabuni ya kipande huyaondoa, na maji ya ndani hupata njia ya kutoka.

Ninunue nini?

Soma viambato, si maneno makubwa ya mbele. Gliserini, au urea ya asilimia 5 hadi 10, huvuta maji. Seramidi hurudisha kilichopungua. Mafuta mazito ya aina ya Vaseline huzuia maji yasitoke. Losheni nyepesi yatosha pwani, lakini penye baridi kali chukua krimu nzito ya kopo, isiyo na manukato. Urea huchoma ngozi iliyopasuka. Mafuta ya nazi yanafaa, ila hayavuti maji: yapake ngozi ikiwa bado mbichi kwa kuoga. Mkorogo usiuguse kabisa.

Krimu mpya ijaribu kwanza ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Ukitoka vipele, iache.

Najipaka kila siku, mbona bado?

Mara nyingi tatizo ni wakati na kipimo. Oga kwa maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, sabuni ikiishia kwapani, kinenani na nyayoni. Jifute kwa kubonyeza taulo bila kusugua, kisha jipake ndani ya dakika 3, ukifuata vinyweleo vinakolalia. Ukisugua huku na huku, vishimo vyake huziba na kutoa vipele.

Krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza ni karibu nusu gramu, nayo yatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Mwili mzima wa mtu mzima unataka kama gramu 20. Kwa mara mbili kwa siku, kopo la gramu 250 huisha kwa wiki moja hivi. Hata ukipaka miguu na mikono tu, kopo lililokaa miezi mitatu linasema wazi kwamba unajipaka kwa ubahili.

Magaga yapake Vaseline usiku, uvae soksi za pamba.

Nikirudi Mombasa niendelee?

Rudi kwenye losheni. Krimu nzito kwenye joto huleta vipele vya jasho.

Kuna hatari yoyote?

Nguo na shuka zilizolowa mafuta hushika moto upesi. Zikae mbali na jiko, hita na sigara.

Niende kwa daktari lini?

Nyufa zikitoa maji au usaha, au mkiwashwa usiku nyumba nzima, maana huo huenda ni upele wa kuambukiza. Mwenye kisukari akipasuka nyayo aende siku hiyohiyo.