Nyuzi kwanza, pedali baadaye

Gitaa la besi likining'inia ukutani hapa Shangani, Mtwara, miezi miwili bila kuguswa, uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote, ndio unaoanza kusema. Chukua kitambaa cheupe, kipitishe chini ya uzi kati ya freti ya tano na ya saba, vile vijiti vya chuma vya shingoni, pale vidole vinapokaa sana. Kitatoka na mstari wa kahawia. Hiyo ni kutu. Bahari iko hapo chini, upepo wake una chumvi, na jasho la mpigaji nalo lina chumvi. Nimeanza na kutu kwa sababu vijana wengi wanaokuja kwangu kuulizia pedali, yaani visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti, ugonjwa wa besi zao uko kwenye hicho kitambaa.

Mwezi uliopita alikuja mmoja kutoka Mikindani. Hata sijamaliza kuitikia shikamoo yake, ameshaweka mezani boksi la efekti lenye taa tatu. Besi yake, akasema, ukumbini haisikiki. Akiongeza sauti, mabati ya paa yanatetemeka na watu wanalalamika, lakini noti hazitoki. Pesa ya pedali aliipata kwa kuuza simu. Nikamwomba tuiweke pembeni, tuchomeke gitaa moja kwa moja kwenye ampu, yaani kikuza sauti.

Kwanza tuelewane noti ya besi ni kitu gani. Uzi wa E ukipigwa wazi unatikisika mara 41 kwa sekunde, A mara 55, D mara 73, G mara 98. Spika nyingi za kumbi zetu hazina uwezo wa kutoa 41 kwa nguvu. Sikio linaitambua ile E kwa kusikia sauti zinazopanda juu yake, 82, 124, 165 na kuendelea, pamoja na ule mguso wa kidole kwenye uzi. Uzi uliochakaa umepoteza hizo za juu. Unabaki na mvumo wa chini tu, na mvumo wa chini ndani ya ukumbi wa kuta za saruji na paa la bati hauna pa kwenda. Kwa hiyo kijana alipokuwa anafungua nobu ya besi alikuwa anaongeza kitu kile kile kilichokuwa kinamzamisha.

Uzi wa besi una kiini cha chuma, na juu yake umezungushiwa waya mwingine. Ukizungushiwa waya wa mviringo tunauita raundi: ukipitisha kucha unasikia mikwaruzo, na mlio wake ni mkali, unatoka mbele. Ukizungushiwa utepe bapa tunauita flati: laini kama kijiko, mlio wake unakita na kunyamaza mapema. Raundi ndiyo iliyozagaa, hasa baada ya John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, na kiwanda cha Rotosound cha Uingereza kutengeneza nyuzi za namna hiyo mwaka 1966. Upande wa flati mfano ni James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi za kampuni ya Motown kule Detroit kwa gitaa la Fender Precision la mwaka 1962, na nyuzi zake alikuwa habadilishi mpaka zikatike.

Kwa hapa kwetu Mtwara na Lindi, mimi naegemea flati kwa mtu anayepiga dansi, kwaya au zilipendwa. Sababu ya kwanza ni hali ya hewa: kwenye raundi, vijimfereji vya waya vinakusanya jasho, vumbi na chumvi, uzi unazibika. Flati hazina mifereji, zinafutika, na nimeona seti inayodumu miaka bila kupoteza tabia yake. Sababu ya pili ni kwamba masikio ya watu wa huku yamekulia kwenye ngoma. Besi inayokita kisha inaacha nafasi, wachezaji wanaishika mara moja. Anayepiga gospo ya kisasa, au anayepiga kwa kudunda uzi kwa kidole gumba na kuuchomoa, flati zitamnyima; achukue raundi. Zilizopakwa nikeli hazina ukali wa zile za chuma kisichoshika kutu na haziumizi freti sana, ila nikeli ikishasuguliwa na freti, chuma cha chini kinabaki wazi kwa upepo wa bahari. Yule wa kijijini Newala, juu kwenye ubaridi, ana muda mrefu zaidi kuliko mimi wa pwani.

Unene wa kawaida ni 45 hadi 105, yaani elfu za inchi. Flati nyingi zina mvuto mkubwa kuliko raundi za unene ule ule, kwa hiyo ukibadilisha aina, shingo ya gitaa inaweza kupinda. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma ya kurekebisha. Izungushe robo mzunguko kwa wakati mmoja, halafu subiri, pima tena. Nimepokea shingo ambazo skrubu yake imekatwa na mtu mwenye haraka, na hilo silirekebishi kwa siku moja.

Wengi wanachemsha nyuzi kuukuu. Inasaidia kweli kwa siku chache, kwa sababu maji ya moto yanatoa mafuta na uchafu. Lakini maji yanabaki ndani ya mzunguko wa waya, na kwa unyevu wa huku kutu inarudi na ndugu zake. Mimi nazilaza kwenye bomba lililofungwa lenye spiriti usiku kucha, mbali na jiko na sigara, kisha nazianika. Uzi mchafu ni kama ngoma ambayo ngozi yake haijaota moto: inalia, lakini mlio haufiki kwa waliokaa nyuma.

Yule kijana alikuwa na raundi za mwaka mzima. Nilikuwa na seti ya flati iliyofika kwa basi kutoka Kariakoo. Tulipozifunga na kupiga E, alinyanyua uso, akapiga tena.

Halafu pikapu. Hii ni sumaku iliyozungukwa na waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko, yaani koili. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa. Ndiyo maana uzi wa nailoni mtupu hautoi sauti hapo. Mahali pikapu ilipo ni muhimu kuliko jina lililoandikwa juu yake. Karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwishoni mwa mwili wa gitaa, uzi unatikisika kidogo, sauti ni nyembamba na yenye pua. Ukisogea kuelekea shingoni inanenepa. Precision, tangu mwaka 1957, ina pikapu moja iliyokatwa vipande viwili, kila kipande kikibeba nyuzi mbili, na vimepangwa kinyume ili muungurumo wa umeme ujifute wenyewe. Jazz Bass iliyotoka mwaka 1960 ina mbili za koili moja moja. Zote mbili zikiwa wazi sawasawa muungurumo unafutika. Punguza moja, unarudi.

Na muungurumo wetu una ubaya wake. Umeme wa Tanzania ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na noti ya G iliyo freti ya tatu ya uzi wa E ni 49. Zikikutana unasikia mawimbi, kama vile besi imelegea, na mpigaji anaanza kuhangaika kukaza na kulegeza nyuzi. Kumbi nyingi nilizofanyia kazi hazina waya wa ardhi unaoaminika. Ukishika nyuzi muungurumo ukapungua, jua mwili wako ndio uliokuwa unaokota muungurumo na kuupeleka kwenye gitaa. Ukishika nyuzi na maikrofoni ukapigwa shoti, acha kazi papo hapo, fundi umeme aje kwanza. Hapo hakuna cha kuvumilia.

Kimo cha pikapu watu wanakisahau kabisa, nacho ni bure. Bana uzi kwenye freti ya mwisho, pima kutoka chini ya uzi hadi kwenye sumaku: milimita 3 upande wa E, milimita 2 na nusu upande wa G, kisha sikiliza na urekebishe. Ya kijana ilikuwa inakaribia kugusa. Sumaku ilikuwa inauvuta uzi mnene, noti za juu zikayumba. Nilipoishusha, nyuzi nne zikalingana. Ndani nikakuta jeki, lile tundu la kuchomekea waya, ina ukoko wa kijani; nikaisafisha, mikwaruzo ikaisha. Besi yenye betri ya volti 9 ina jambo moja la kukumbuka: waya ukibaki umechomekwa, betri inaendelea kuliwa hata kama hupigi.

Kwenye efekti nitasema kidogo, kwa sababu kazi yake ni ndogo. Ukiwa na pesa ya pedali moja, nunua kompresa, ile inayobana sauti zinazozidi. Uwiano wa 4 kwa 1 unatosha: sauti ikizidi mpaka uliouweka kwa desibeli 4, inatoka 1. Usiifanye iwahi mno, iache ncha ya kidole ipite kwanza. Ya pili ni ikwaliza, ya kupandisha au kushusha sehemu moja moja ya sauti. Kwenye ukumbi wa bati punguza karibu na mitikisiko 250 kwa sekunde, kata kila kilicho chini ya 40, ongeza kidogo kati ya 700 na 900, na noti zitatoka bila kugusa nobu kubwa ya sauti. Ovadraivu, ya kukwaruzisha sauti, ni nzuri ikiwa ina nobu ya kuchanganya na sauti safi. Ikiikosa, inakula sauti zote za chini. Pedali ya oktavu ya kushusha iache nyumbani: E inakuwa karibu 20, spika inasukuma hewa tu.

Kwenye boksi la kijana mlikuwa na kompresa, ovadraivu na korasi, ile inayofanya gitaa moja lisikike kama mengi. Jumamosi nilikwenda kumsikiliza harusini. Nilisimama nje, getini, penye bodaboda, nikawa nahesabu noti za sebene moja moja, na mabati yametulia. Alikuwa amewasha taa moja, ya kompresa. Korasi aliiwasha mara moja tu, kwenye wimbo wa taratibu wa maharusi kuingia, na hapo ilikaa vizuri.