Kabla ya kununua betri nyingine, pima njia ya umeme

Kila mwaka, Septemba inapoingia na joto la Tabora kupanda kabla ya mvua za Novemba, gereji yangu hupokea magari mengi yaliyovutwa kwa kamba, na wenye magari hushuka wakiwa na hukumu tayari mdomoni: "Fundi, betri imekufa." Mara nyingine hukumu hiyo ni ya kweli, kwa kuwa joto hukausha maji ya betri na kuharakisha kuliwa kwa sahani zake. Lakini mara nyingi mno betri inayohukumiwa ni nzima, au imedhoofishwa na kosa lililo nje yake, na mwenye gari hutoa fedha ya ada ya mtoto au ya mbolea kununua betri mpya ambayo, baada ya miezi michache, nayo itahukumiwa vivyo hivyo. Mimi ni fundi umeme wa magari, na jambo hili linaniuma kwa sababu linazuilika kwa mita ndogo na dakika kumi za subira.

Gari linapogoma kuwaka, kwanza lisikilize. Ukipiga selfu na gari likakaa kimya kabisa huku taa za dashibodi zikiwaka vizuri, umeme wa kuamuru stata, yaani mota inayoizungusha injini ili iwake, haufiki, na hapo tazama fyuzi, relei, swichi ya ufunguo na, kwa gari la gia za otomatiki, swichi inayozuia selfu gia isipokuwa kwenye P (kuegesha) au N (huru). Jaribu kuhamishia N kabla hujamwita mtu yeyote. Ukisikia "ta" moja nzito kisha kimya, otomatiki ya stata, yaani swichi yake kubwa inayovutwa kwa sumaku ya umeme, imevuta lakini stata haizunguki, na kosa huweza kuwa kwenye shaba za ndani ya otomatiki hiyo, kwenye kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zikiwa zimekwisha, au kwenye umeme usiotosha. Ukisikia "ta-ta-ta-ta" ya haraka, otomatiki inavuta na kuachia kwa sababu volti zinaporomoka kila stata inapotaka kuanza kazi. Sauti hii ya mwisho, pamoja na injini inayozunguka kwa kusuasua, ndiyo inayowafanya watu wakimbilie dukani.

Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila kimoja hutoa takriban volti 2.1, hivyo ikiwa imejaa na imetulia kwa saa kadhaa husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na karibu nusu ya chaji, na ikishuka chini ya 12 haina nguvu ya kutegemewa. Hata hivyo kipimo cha betri iliyotulia hakitoshi, kwa sababu betri iliyochoka huweza kuonyesha 12.6 ikiwa imepumzika na kuanguka mara tu inapobebeshwa mzigo. Pima huku mtu mwingine akipiga selfu: ikishuka chini ya 9.6 au hivi ilhali imechajiwa kikamilifu, hapo una haki ya kuishuku.

Mzee mmoja mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Urambo aliniletea pikapu yake ya dizeli ikiwa na betri ya tatu ndani ya miaka miwili. Nilimwamkia, akanieleza kwa uchungu kwamba betri za siku hizi hazidumu, kisha akataja jambo ambalo hakulipa uzito: ile betri ya kwanza "iliyokufa" aliipeleka nyumbani, akaiunganisha na sola, na inawasha taa za nyumba nzima hadi usiku wa manane. Taa peke yake si ushahidi wa kutosha, nami nitaeleza kwa nini, lakini maneno hayo yalinifanya niache kuitazama betri.

Betri yake ilisoma 12.6 ikiwa imetulia. Nilihakikisha gia iko huru na breki ya mkono imevutwa, nikamwomba apige selfu. Injini ilijivuta mara mbili ikasimama. Kwenye vichwa vya betri mita ilisoma 11.3, lakini kwenye stata yenyewe ilisoma 8.2. Volti 3.1 zilikuwa zimepotelea njiani, kati ya betri na stata. Nikapima upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi bolti ya stata, nikapata upotevu wa 0.2, ambao si wa kutisha. Nikapima upande wa hasi, waya mmoja wa mita kwenye chuma kitupu cha injini na mwingine kwenye kichwa cha hasi cha betri, na mita ikaonyesha 2.9. Tuliufuata waya mnene wa hasi hadi unapofungwa kwenye bodi ya gari. Kwa nje bolti ilionekana imekaza. Nilipoifungua, chini ya kikomo cha waya palikuwa na unga wa kijani kibichi uliochanganyika na kutu, na rangi ya bodi ilikuwa imebanduka ikajikunja kama ganda la kitunguu.

Hapa ndipo wengi huuliza: kama kiungo kimeharibika, mbona taa kubwa zinawaka vizuri? Jibu liko kwenye hesabu. Stata ya gari la kawaida la petroli huvuta ampea 100 hadi 200, na ya dizeli huvuta zaidi. Kiungo chenye ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, mdogo sana, tuseme omu 0.02, kikipitishwa ampea 150 hula volti 3 nzima. Taa mbili kubwa za wati 55 kila moja huvuta ampea 9 tu, na kiungo hicho hicho huzipunguzia volti 0.18, ambazo jicho haliwezi kuziona. Ndiyo maana taa haziwezi kutoa ushahidi, na ndiyo maana betri mpya, kwa kuwa ina nguvu zote za ujana wake, hulishinda kosa hilo kwa muda, hadi inapopungua kidogo. Kibaya zaidi, umeme wa altaneta, jenereta inayozungushwa na injini, unaorudi kuchaji betri hupita njia ile ile, hivyo betri haishibi vizuri na huzeeka kabla ya wakati.

Tulitoa kwanza waya wa hasi kwenye betri, tukakwangua bodi kwa msasa hadi chuma kikang'aa, tukasafisha kikomo cha waya, tukakaza bolti na kuipaka grisi kwa juu ili unyevu usiingie. Tulipopiga selfu tena, stata ilipata 10.1. Vichwa vya betri navyo vilisoma 10.5, chini ya ile 11.3 ya mwanzo, na mzee akashtuka. Nilimweleza kwamba betri sasa inafanya kazi kubwa zaidi kwa sababu njia imefunguka. Upotevu wa upande wa hasi ukawa 0.15, na injini iliwaka papo hapo. Tukapima chaji injini ikiwa inanguruma, tukapata 14.2, na kwa gari kama hilo chochote kati ya 13.8 na 14.5 kinanitosha.

Kama njia ni safi na injini inazunguka kwa nguvu lakini haiwaki, achana na betri. Kwenye petroli sikiliza pampu ya mafuta ikivuma kwa sekunde moja au mbili unapofungua ufunguo, kisha angalia moto wa plagi. Kwenye dizeli iliyokaukiwa mafuta barabarani, toa hewa kwa pampu ya mkono mpaka iwe ngumu.

Ukilazimika kuazima umeme wa gari lingine, unganisha chanya kwa chanya, kisha hasi ya betri nzima, na kibano cha mwisho ukiweke kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri, kwa kuwa betri hutoa hewa ya haidrojeni na cheche moja inaweza kuilipua usoni mwako. Gari la gia za otomatiki usilisukume, halitawaka kwa njia hiyo.

Wiki iliyofuata nilimwomba mzee aje na ile betri ya nyumbani. Niliiongezea maji yaliyosafishwa, kwani ya kisima yana chumvi zinazodhuru sahani, nikaichaji usiku kucha, nikaifunga kwenye pikapu. Ilipopigwa selfu ilishuka hadi 10.2, na injini ikawaka. Mzee aliirudisha Urambo kuwasha taa zake.