Je, wajua kwa nini Nyerere aliondoka Ikulu lakini CCM ikaendelea kumsikiliza?

Novemba 1985 Mwalimu Julius Nyerere alimkabidhi Ali Hassan Mwinyi Ikulu. Uenyekiti wa CCM hakumkabidhi. Kwa karibu miaka mitano Rais wa Tanzania alikuwa makamu mwenyekiti katika chama kilichoshika hatamu, tena chama pekee nchini. Nani alikuwa mkubwa kwa nani? Jibu lilitegemea umekaa kikao gani.

Uzito wa kiti hicho uko kwenye vikao. Mwenyekiti ndiye anayeongoza Kamati Kuu na Halmashauri Kuu, na huko ndiko majina ya wagombea yanakochujwa. Ukikatwa hapo, hata upendwe vipi mitaani, umekwisha.

Agosti 1990 Mwalimu aling'atuka na huko pia. Lakini ikafika 1995, Mkutano Mkuu wa Dodoma, majina matatu ya kuwania urais mezani: Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Raundi ya kwanza Kikwete aliongoza bila kufikisha nusu ya kura. Ya pili akashinda Mkapa, aliyekuwa chaguo la Mwalimu. Kisha mzee huyo asiye na cheo chochote chamani akapanda majukwaani kumnadi. Kanuni za chama haziwezi kueleza nguvu hiyo. Wengi waliokuwa ukumbini walikulia kisiasa mikononi mwake, na kumpinga hadharani kulihitaji moyo wa chuma.

Tangu hapo CCM haikurudia ile miaka mitano. Mkapa alipewa uenyekiti 1996, Kikwete 2006, John Magufuli 2016, kila mmoja miezi michache tu baada ya kuingia Ikulu. Ndiyo kofia mbili, urais na uenyekiti, zinazolalamikiwa kila msimu wa mjadala wa katiba. Wastaafu wakabakiwa na ushauri, ambao si haba kwa anayejua kuutumia.

Malawi ilionja upande wa pili. Rais Bakili Muluzi alimaliza muda wake 2004, akamsimamisha Bingu wa Mutharika, naye Mutharika akashinda. Uenyekiti wa chama chao, UDF, Muluzi akaung'ang'ania. Haukupita mwaka: Februari 2005 Mutharika alikihama chama kilichomweka madarakani, akaanzisha chama kipya, DPP, na 2009 akachaguliwa tena kwa tiketi hiyo. UDF haijatoa rais tena hadi leo.