Mtama wa ng'ombe: angalia mbegu, urefu uache

Kila mwaka mvua ikianza kukaribia mwisho, ba papa na ba mama wenye ng'ombe ku barabara ya Kasenga na ya Kipushi, hapa Lubumbashi, wananipigia simu na ulizo ni ile ile: agronomu, mtama umeshanipita kichwa, nikate ao ningoje? Mimi nauliza kwanza, mbegu iko aje? Juu urefu hauniambii kitu, mtama unaweza kufika meta tatu na bado iko maji matupu, ao ukafika meta tatu na ng'ombe hawezi tena kuusaga.

Iko hivi. Mtama ukiwa na mimba, kichwa bado kimefichama ndani ya jani la mwisho, protini inaweza kuwa 12 mpaka 14 kwa mia na majani ni laini. Ukingoja, uzito unapanda kila juma, lakini protini inashuka mpaka 7 ao 8, na shina linajaa lignini, ile kitu ngumu tumbo la ng'ombe haivunji. Tufanye hesabu ya mfano tu: hekta moja ukikata mapema ukapata tani 7 za kikavu (maji yote yakitoka) kwa protini 13, ni kilo 910 za protini. Ukingoja ukapata tani 12 kwa protini 8, ni kilo 960. Tani tano zote zile zimekuletea protini kilo 50! Kwa hiyo ule anayejisifu na mlima wa majani, namuuliza mlima wa nini.

Lakini zile tani tano si bure, na hapa njo watu wengi wanapotea. Kisha maua, mbegu inaanza kujaza wanga, na wanga ni nguvu, njo inafidia ugumu wa shina. Kwa hiyo wakati mbaya kuliko yote, mimi naona, ni pale maua yanatoka tu: protini imeshaenda, wanga haijafika. Kama unataka kulisha majani mabichi, kata mbele ya pale, kama unataka silaji ya kiangazi (majani yaliyokatwakatwa, kushindiliwa bila hewa na kuachwa yachachuke) basi vumilia juma tatu hivi kisha maua, mpaka mbegu ifike hatua ya unga laini.

Namna ya kujua: mtama unatoa maua kuanzia juu ya kichwa kushuka chini, mbegu za juu zinakomaa mbele, sasa usichume ya juu itakudanganya, chuma ya katikati. Finya na kucha. Ikiruka maziwa, bado. Ikifinyika sawa kinyunga cha mikate, bila maziwa, ni pale. Kucha ikikataa kuingia, umechelewa, na mbegu ya mtama ni ndogo na ngumu sana, inapita ndani ya ng'ombe inatoka nzima, utaiona mu mavi. Ule wanga uliyongojea muda wote unalisha kuku wa nyumba.

Kuna kitu kingine, mtama si mahindi. Mbegu inaweza kuwa tayari na shina bado limejaa maji, zaidi ile aina yenye shina tamu. Silaji inataka kikavu 30 mpaka 35 kwa mia, ukishindilia yenye maji mengi, maji inachuruzika inatoka na sukari, silaji inanuka vibaya na ng'ombe anaikataa. Pima mwenyewe: katakata mimea michache, pima gramu 100, weka mu kikaango juu ya mbabula yenye moto kidogo, geuza geuza bila kuunguza, pima tena mpaka uzito hauteremuke tena. Ikibaki gramu 32, uko sawa, ita watu wa mashini. Ikibaki 25, kata uache ilale shambani siku moja ipoteze maji, njo usage.

Neno la sumu nalisema kila mara na nitaendelea kulisema. Mtama mchanga una siyanidi, sumu ile ile ya muhogo muchungu, na chipukizi zinazorudi kisha kukata zinayo nyingi, zaidi jua likiupiga bila mvua. Chini ya sentimeta 60 usiingize mnyama hata mmoja, hata kama majani yanapendeza namna gani. Ukitaka iote tena, acha kisiki cha sentimeta 15 mpaka 20, halafu ungoje kweli.

Na kwetu huku tarehe ya kukata unaichagua siku ya kupanda. Mvua inaanza Novemba inaisha Aprili, aina nyingi zinafika unga laini kama siku 100 ao 110, sasa ukipanda na mvua ya kwanza, mtama utakuita mu mwezi wa pili, mvua kubwa, trakta inazama, silo (shimo la kuwekea silaji) inajaa maji. Mimi napenda kupanda katikati ya Desemba, unakata mwisho wa Machi ao mwanzo wa Aprili. Mwenye kusaga na panga, bila mashini, asipande shamba lote siku moja, agawanye mara mbili, na juma mbili katikati, juu unga laini haukai, siku kumi hivi imekwisha kuwa ngumu na wewe bado uko mu nusu ya shamba.