Baridi ya Julai si sababu ya kufunga kitalu mchana kutwa

Jumamosi iliyopita nilifika kwenye kitalu nyumba cha chuo saa mbili kasorobo, nikakuta mapazia yote mawili ya nailoni ya ubavuni yameshushwa mpaka chini na kufungwa kamba. Mwenzangu wa zamu ya Ijumaa alikuwa ameniachia ujumbe kwa nia njema kabisa: "Dada, baridi kali, usifungue leo, nyanya zitaungua." Ndani, nailoni ilikuwa inadondosha maji kama paa la bati lenye matundu. Hii ni mara ya nne muhula huu. Nimeshaeleza kwa mdomo nikachoka, sasa naandika.

Baridi ya Mbeya siidharau. Hapa Uyole tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba ukishika bomba asubuhi vidole vinakufa ganzi. Nyanya nayo ikikaa usiku mwingi chini ya nyuzi 13, chavua inadhoofika na maua yanaanguka bila kushika tunda. Kwa hiyo anayefunga ana hoja. Anakosea pale anapodhani nailoni ni blanketi.

Nailoni ya tabaka moja haizuii joto usiku. Mchana jua linapasha udongo. Usiku ukiwa mweupe wenye nyota, joto lile linapenya nailoni na kwenda zake. Alfajiri nasoma vipimajoto viwili, cha ndani na cha nje, na mara nyingi vinapishana nyuzi moja au mbili tu. Ukifunga mchana kutwa, hizo mbili ndizo faida yako. Kinachobaki ndani kwa uhakika ni mvuke.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba karibu gramu 17 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ikipoa mpaka nyuzi 10, inabeba gramu 9 na kitu. Kitalu chetu kina mita 8 kwa 30, na kimo tukikikadiria mita 3, ndani mna hewa ya mita za ujazo 720. Funga jioni hewa ikiwa imeshiba mvuke: kufikia alfajiri zaidi ya lita 5 za maji zimeachwa na hewa, na lazima zitue mahali. Zinatua kwenye nailoni, zinadondokea majani, zinakaa kwenye makovu ya maotea, yale machipukizi ya pembeni uliyoyakata juzi. Usipofungua asubuhi, hayo maji hayana pa kutokea. Jua likipanda yanageuka mvuke tena, usiku yanarudi.

Kiswahili chetu kimeviita vitu viwili kwa jina moja, ukungu wa hewani na ukungu wa kwenye mmea, na kwenye kitalu kilichofungwa hilo jina halikosei. Mtoto yeyote aliyekulia kwenye viazi vya milima ya Uporoto anajua shamba linavyokuwa siku chache baada ya mawingu kushuka na kukaa: majani meusi, laini, kama yamemwagiwa maji ya moto. Ndiyo bakajani chelewa, ugonjwa wa ukungu, na ile ile inashika nyanya. Inataka ubaridi na jani lililolowa kwa saa nyingi, na sisi tunaipa vyote viwili kwa kuogopa baridi.

Ukiingia asubuhi angalia kingo za majani kabla hujagusa kitu. Ukiona matone madogo yamejipanga kwenye ncha, huo si umande. Mmea umeyasukuma wenyewe kutoka mizizini kwa sababu hewa imejaa na jani limeshindwa kutoa mvuke. Ukiyaona, fungua jua likitoka.

Kuna wanaosema wadudu wataingia. Pazia likikunjwa neti inabaki palepale. Na mimea inahitaji hewa ukaa: nje ipo takribani sehemu 420 katika milioni, lakini ndani ya kitalu kilichofungwa, jua likiwaka, majani yanaimaliza upesi na ukuaji unapungua.

Kazi nyingine za wikendi mnazijua: kusafisha kichujio cha dripu, kukagua matundu yaliyoziba, kubadilisha dawa ya kukanyagia mlangoni, kuhesabu wadudu walionaswa kwenye kadi za njano zenye gundi, kutikisa kamba za nyanya kati ya saa nne na saa nane chavua ikiwa kavu. Naomba tu msiache kumwagilia Jumapili eti kuna baridi, halafu Jumatatu mkafungulia maji mara mbili. Maji yakienda kwa kurukaruka hivyo, kalisi, yaani madini ya kalsiamu, haifiki vizuri kwenye tunda changa. Baadaye tunda linaoza kitako, na tunaambiwa tukanunue kalisi ya kupulizia wakati udongoni ipo.

Asubuhi inayonisumbua kweli ni ile ya mawingu yaliyoshuka mpaka chini, kilele cha Loleza hakionekani na hewa ya nje imelowa sawa na ya ndani. Vitabu vinasema toa unyevu, vinasema kwa uhakika nisio nao mimi nikiwa nimesimama pale na kamba mkononi. Nikifungua napoteza ujoto kidogo wa udongo, na ninachopata ni hewa nyingine iliyolowa. Mara mbili nimefungua nusu saa nikafunga, mara moja nimesubiri mpaka saa nne, na siwezi kuapa ipi ilikuwa bora. Sasa nasubiri mpaka nione kivuli changu chini. Kikitokea, nakunja mapazia yote mawili hata kama natetemeka.

Saa kumi jioni nayashusha, udongo ukiwa bado na joto lake. Naandika kwenye daftari la zamu saa niliyofungua, saa niliyofunga na joto la chini la usiku uliopita. Wa Ijumaa, kurasa zako tatu za mwisho hazina saa ya kufungua.